Hakuna Kukata Kabla ya Kupima

Wasee, leo hakuna vichekesho. Vichekesho vitarudi wiki ijayo. Leo nina hasira, na naomba mnisome hadi mwisho hata kama hii posti ni ndefu kushinda zile mmezoea.

Kwa ploti yetu hapa Embulbul kuna mzee tunamwita Guka. Si guka wangu wa damu, ni guka wa ploti nzima. Kwa miaka mingi alikuwa soja kwa mageti ya Karen, zamu ya usiku, na alikuwa anaenda kazini kwa miguu ili aokoe nauli. Jioni ukiwa kwa steji ungemuona akipita na rungu, tochi na lile koti zito, anakata lami kuelekea Karen kama kijana wa miaka 25.

Halafu akaanza kusimama.

Mwanzoni alikuwa anasimama mara moja tu njiani. Anashika nguzo ya stima, anajifanya anaangalia simu, dakika tatu hivi, kisha anaendelea. Miezi ikapita, akawa anasimama mara tatu kabla hata hajatoka Bulbul. Ukimuuliza, "Guka, uko sawa?" anakujibu, "Niko sawa, kijana. Ni hii nyama ya mguu inanikaza. Uzee tu." Sisi tukacheka naye. Jamaa mmoja wa nduthi hata akamtania ati anasimama ndio apewe lifti ya bure.

Kule kusimama kulikuwa ugonjwa. Una jina kwa vitabu vya udaktari, una kipimo, una matibabu. Sisi wa ploti hatukujua, na hilo naweza kulisamehe. Lakini hata waliolipwa kujua hawakuangalia.

Siku moja gamubuti ikamchubua kidole. Kidonda kidogo tu, upana wa sarafu ya shilingi. Guka ana sukari ya miaka mingi. Akaenda kliniki, wakamuosha, wakamfunga bandeji, wakampa antibayotiki, wakamwambia rudi Jumatatu. Akarudi Jumatatu. Akarudi Jumatatu nyingine, na nyingine, wiki nane. Kila mtu aliangalia kidonda. Hakuna hata mmoja aliyeshika mguu kuhakikisha kama damu inafika kwa hicho kidonda. Kidole kikawa cheusi. Wakamtuma hospitali kubwa, na huko akapewa karatasi na kalamu: weka sahihi hapa, tunakata.

Walikata juu ya goti.

Nilipoenda kumuona aliniuliza kitu kimoja tu. "Kijana, kidonda kilikuwa kwa kidole. Mbona wamekata hapa?" Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma, nikauliza watu wanaojua. Sasa jibu ninalo, na ndilo limeniletea hii hasira yote.

Mtaani tunasema "sukari ilimkata mguu." Tunasema hivyo venye tunasema mvua imenyesha, kana kwamba hakuna mtu alifanya kitu na hakuna mtu aliacha kufanya kitu. Lakini sukari haina msumeno. Miguu mingi inakatwa kwa sababu ya kuchelewa, na kuchelewa kuna wenyewe.

Wacha nieleze pole pole. Mguu unaishi kwa damu. Damu inatoka moyoni, inashuka kwa bomba kubwa la tumboni, bomba linagawanyika mara mbili, moja kwa kila mguu, na likiendelea kushuka linazidi kuwa jembamba. Ukifika chini ya goti ni vibomba vya milimita 2 au 3 hivi. Hizo zinaitwa ateri. Sigara, sukari, presha, mafuta mabaya kwa damu na umri huzijaza uchafu kwa ndani, kidogo kidogo, miaka na miaka.

Watu wa Bulbul hawahitaji kufunzwa hii. Bomba likiziba, ploti ya kwanza inachota maji sawasawa, ya katikati inachota kwa taabu, na ile ya mwisho kabisa inapata tone tone. Kwa mwili, ploti ya mwisho ni vidole vya mguu.

Sasa ukitembea, nyama ya mguu inaitisha damu zaidi. Bomba haliwezi kuongeza. Nyama inaanza kuuma, unasimama. Ukisimama, mahitaji yanapungua, maumivu yanaisha. Ukianza tena kutembea yanarudi, karibu kwa umbali uleule. Hicho ndicho Guka alikuwa anatuonyesha kila jioni kando ya barabara, bure, bila kujua. Baadaye maumivu yanakuja hata usiku ukiwa umelala, na mtu anapata nafuu akining'iniza mguu nje ya kitanda. Baadaye kinakuja kidonda kisichopona. Mwisho ni ule weusi. Haya mambo hayakuanza juzi. Mtu anaweza kuwa njiani hapo kwa miaka, na kila hatua ilikuwa nafasi ya kumuokoa.

Na kidonda kisicho na damu hakiponi. Kioshe na chumvi, kipake asali, kimwagie hata maji ya Yordani. Hata antibayotiki zinasafiri ndani ya damu, kwa hivyo damu isipofika, dawa nayo imebaki njiani. Ndio sababu walikata juu ya goti: mpasuaji anatafuta mahali ambapo damu bado inafika, ili kovu lipone. Hilo ndilo jibu la Guka. Lakini kama mtu angerudisha damu chini kwanza, huenda wangekata kidole tu. Huenda wasingekata chochote.

Huyo mtu wa kurudisha damu yuko. Anaitwa daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu. Kiswahili chetu kinamficha kidogo, kwa sababu neno mshipa linafanya kazi nyingi. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, na Pwani mtu akikwambia ana mshipa pengine anamaanisha ngiri. Kwa hivyo ukisema "daktari wa mishipa", mtu anafikiria ganzi, anafikiria mgongo. Hapana. Huyu ni fundi wa mabomba ya damu. Anafungua palipoziba, anapanua palipobana, anashona palipopasuka, na bomba likiharibika kabisa anachukua vena kutoka mguu wako mwenyewe na kupitisha damu kando ya kizuizi, kama vile matatu inakwepa jam kwa kupita barabara ya ndani.

Na hii si teknolojia ya jana. Mfaransa Alexis Carrel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa kuonyesha dunia jinsi ya kushona mishipa ya damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Thomas Fogarty alibuni katheta yenye kibofu kidogo mwishoni: unaipitisha ndani ya ateri iliyozibwa na damu iliyoganda, unajaza kile kibofu, unavuta, na bonge linatoka.

Halafu kuna hii, ambayo nimeisoma mara nyingi sana. Tarehe 16 Januari 1964, mji wa Portland, jimbo la Oregon. Mgonjwa ni bibi wa miaka 82. Vidole vya mguu vimeanza kuoza, madaktari wanataka kukata, na yeye amekataa katakata. Anapelekwa kwa Charles Dotter, ambaye hata hakuwa mpasuaji, alikuwa daktari wa eksirei. Dotter akapitisha katheta kwa ateri ya paja na kupanua pale palipobana. Mguu ukarudi kuwa na joto. Yule bibi aliendelea kutembea kwa miguu yake miwili kwa zaidi ya miaka 2, hadi kifo chake.

Januari 1964. Kenya ilikuwa na mwezi mmoja tu wa uhuru. Bibi wa miaka 82 alikataa kukatwa na akapata mtu wa kumfungulia ateri. Guka wetu, zaidi ya nusu karne baadaye, alipewa kalamu.

Msiniambie ati hayo ni ya huko ng'ambo. Mwaka 2018 madaktari wa Hospitali ya Kenyatta waliunganisha tena mkono wa kijana uliokuwa umekatwa kabisa na mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Kuunganisha mkono maana yake ni kushona ateri na vena chini ya darubini hadi damu ipite tena. Mikono ya Kenya inaweza hii kazi. Si akili tunakosa.

Ni nini basi?

Angalia juu, kwa vilima vya Ngong. Reli ya SGR ya kuenda Suswa, iliyozinduliwa Oktoba 2019, ilihitaji handaki la kilomita 4.5 kupita chini ya hivyo vilima. Serikali ikapata mkopo, ikapata mainjinia, ikapata mashine, mlima ukatobolewa. Nchi iliyotoboa mlima kilomita 4.5 isije kwangu kunieleza ati haiwezi kujipanga kufungua uchafu wa sentimita chache kwa bomba la milimita 3. Tulichagua cha kutoboa. Ni hivyo tu.

Na hata tukinunua vitu vya afya, tunanunua vile vinavyopigwa picha. Mnakumbuka ule mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali ulioanza 2015? Hospitali 98, mbili kwa kila kaunti pamoja na zile za kitaifa, mabilioni ya pesa, magavana wakikatwa kwa mgao wao kila mwaka. Kamati maalum ya Seneti ilipochunguza ilikuta vifaa vingine vimekaa tu, mahali pengine hakuna mtaalamu wa kuviendesha, mahali pengine hakuna hata maji au stima ya kutosha.

Ndani ya huo mpango kulikuwa na mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Vizuri sana, maisha ya watu yaliokolewa. Lakini mgonjwa wa figo anaunganishwa na ile mashine mara 2 au 3 kwa wiki, na anahitaji njia ya damu. Njia bora ni fistula, yaani ateri na vena za mkono zinashonwa pamoja, halafu unangoja wiki kadhaa ikomae. Nani anashona? Ni kazi ya haohao mafundi wa mishipa ya damu. Asipokuwepo, mgonjwa anaishi na mrija shingoni au kifuani, na mrija huo ni mlango wa vijidudu. Tulinunua mashine, tukasahau mtu wa kumuunganisha mgonjwa nayo. Ni kama kununua tangi la lita elfu kumi bila mfereji.

Sasa mtu huyo anapikwa kwa muda gani? Hesabu nami. Miaka 6 ya digrii ya udaktari. Mwaka 1 wa interni. Miaka 5 ya kusomea upasuaji wa kawaida pale Chuo Kikuu cha Nairobi. Hiyo ni 12, na bado hajaanza mambo ya mishipa ya damu. Kwa miaka mingi, hiyo hatua ya mwisho ilimaanisha wengi kufunga mizigo na kwenda nchi nyingine. Ndio maana wako wachache mno kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 50, na waliopo wengi wako Nairobi. Kajiado peke yake, kwa sensa ya 2019, ina watu zaidi ya milioni 1.1.

Na hao tunaowahitaji miaka 12 na zaidi, tunawatendeaje? Mgomo wa madaktari wa Desemba 2016 hadi Machi 2017 ulichukua siku 100. Ule wa 2024 ulichukua siku 56, na moja ya sababu kubwa ni kwamba serikali ilitaka kuwalipa mainterni Sh70,000 kwa mwezi wakati makubaliano ya 2017 yalisema Sh206,400. Yaani mtu yuko mwaka wa saba wa hiyo safari na tayari unamwonyesha kwamba sahihi yako si kitu. Halafu akipanda ndege unamuita msaliti.

Najua mtaniambia nini kwa maoni. Mtasema, "Hao madaktari bingwa wanapenda pesa, wote wako hospitali za kibinafsi." Wengine wako huko, ndiyo. Lakini mpe mtu wa mishipa ya damu kazi kwa hospitali ya umma isiyo na mashine ya kupiga picha za ateri, isiyo na katheta, isiyo na kitanda cha wagonjwa mahututi, halafu uniambie atafanya nini Jumatatu asubuhi. Umeajiri mpishi ukamnyima jiko.

Mtasema, "Wazee wenyewe hawaendi hospitali, wanasema wamerogwa." Wapo. Guka alienda. Alienda Jumatatu nane mfululizo, amevaa shati safi, na kadi yake mkononi. Usimlaumu mtu aliyebisha mlango wiki nane kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amelala.

Na mtasema, "Wakati mwingine lazima wakate." Ni kweli kabisa, na sitaki mtu atumie maneno yangu kukataa upasuaji wa kuokoa maisha. Kuna mguu umeoza na sumu imeingia damuni, na ukiuacha utaondoka na mwenyewe. Mpasuaji anayekata hapo ni shujaa. Ugomvi wangu ni na mguu unaokatwa bila mtu yeyote kujua kama damu ingeweza kurudishwa. Kukata bila kupima ni sawa na mekanika kung'oa injini kabla hajaangalia kama gari lina mafuta.

Kukata si mwisho wa shida pia. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba karibu nusu ya wanaokatwa mguu kwa sababu ya sukari na mishipa kuziba, wale wa kukatwa juu ya kifundo, wanafariki ndani ya miaka 5, kwa sababu ateri zilizoziba mguuni zinaziba pia moyoni na kichwani. Na hiyo miaka, anaishije? Njoo uone magongo kwa matope ya Bulbul mwezi wa Aprili. Njoo uone mzee wa mguu mmoja kwa choo cha shimo. Nani ataajiri soja wa mguu mmoja? Nauli aliyokuwa anaokoa kwa kutembea, sasa watoto wake wanalipa mara kumi.

Wewe wa miaka 19 unasema hii ni ya wazee. Haya, tuongee yako.

Nduthi ikianguka na goti likachomoka, ile ateri iliyo nyuma ya goti inaweza kupasuka au kuziba. Kwa nje unaweza usione damu hata tone. Nyama ya mguu ikikosa damu, una kama masaa 6 kabla uharibifu uanze kuwa wa kudumu. Masaa 6, na hapo toa muda wa kungoja gari, toa jam ya Ngong Road, toa foleni ya eksirei. Ukiwa na beste ameumia goti, na mguu wake umekuwa baridi, umepauka, hausikii ukiguswa au vidole haviendi, usikubali neno "ngoja asubuhi". Piga kelele. Katiba yetu, Kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Hiyo ni dharura.

Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017 na bado mnajua mnaipata wapi. Moshi wa tumbaku ni kati ya maadui wakubwa kabisa wa ateri za mguu. Kuna hata ugonjwa unaokamata wavutaji wakiwa bado vijana, mishipa ya vidole inaziba, na matibabu yake makuu ni kuacha tumbaku kabisa. Kupunguza hakusaidii.

Na dada aliyejifungua juzi, au jamaa aliyefungwa plasta, akivimba mguu mmoja na kuuma, asikandwe na mafuta ya moto. Inaweza kuwa damu imeganda ndani ya vena, na hilo bonge likisafiri hadi mapafuni linaua. Ni hospitali, siku hiyohiyo.

Sasa nyinyi wenzangu wa kontenti. Nawaona. Nawaona na unga wenu wa kijani, "unazibua mishipa kwa siku 7", na namba ya kutumia pesa hapo chini. Kitunguu saumu ni kitamu kwa mchuzi. Tangawizi ni tamu kwa chai. Lakini hakuna unga wa kunywa unaozibua ateri ya mguu kwa wiki moja, na mnajua. Mzee mwenye kidole kinachoanza kuwa cheusi akimaliza wiki tatu na kopo lenu, hizo wiki tatu ndizo zilikuwa mguu wake. Mimi nimekataa hiyo tangazo mara mbili, na rent ilinilalia. Kama huwezi kukataa, angalau usijiite mwanaharakati wa afya.

Basi nataka nini? Sitaki hospitali ya ghorofa kumi hapa Bulbul kesho. Nataka vitu vitano, na karibu vyote ni vya bei nafuu.

Kwanza, kila mwenye sukari akienda kliniki avue soksi. Miguu iangaliwe, mapigo yashikwe, angalau mara moja kwa mwaka, na kila ziara kama ana kidonda.

Pili, dopla kwa kila hospitali ya kaunti ndogo, na nesi mmoja aliyefundishwa kuitumia. Ni kifaa cha kushika mkononi, kinasikiliza damu ikipita. Unapima presha ya kifundo cha mguu, unaigawanya kwa presha ya mkono. Mtu wa kawaida anapata kama 1. Ikishuka chini ya 0.9, ateri ina shida. Kwa wenye sukari ya miaka mingi mishipa inakakamaa na hiyo namba inaweza kudanganya, ndio maana kuna pia kipimo cha kidole gumba. Dopla ya mkononi ni bei ya chini kuliko iPhone mpya. Magari ya maofisa wa kaunti, mnajua ni bei gani.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: hakuna kukata kabla ya kupima. Isipokuwa ni dharura ya kuokoa maisha, fomu ya kukata mguu iwe na sehemu inayosema damu ilipimwa vipi, namba ilikuwa ngapi, na nani aliulizwa kama inaweza kurudishwa. Ikiwa hiyo sehemu iko wazi, kisu kisiguswe.

Nne, kaunti itangaze kila mwaka imekata miguu mingapi, na mingapi ilipimwa kwanza. Kitu kisichohesabiwa hakina mwenyewe.

Tano, njia ya rufaa inayoeleweka. Sisi wa Embulbul ni watu wa Kajiado kwa karatasi, na hospitali yetu kuu ya kaunti iko Kajiado mjini, zaidi ya kilomita 50. Kenyatta iko kama kilomita 20, unapanda 111 unashuka. Mguu usiokuwa na damu haujui mipaka ya kaunti. Hospitali ya huku iwe na mtu wa kupigia simu huko, siku hiyohiyo, badala ya kumpa mgonjwa kikaratasi na kumwambia "jaribu Kenyatta". Na kaunti isomeshe daktari wake mmoja mambo ya mishipa ya damu, kwa mkataba wa kurudi, na akirudi akute jiko.

Nani ataitisha? Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kila mwaka kaunti lazima ipeleke mpango wake wa maendeleo bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, na kabla ya hapo kuna mikutano ya maoni ya umma. Mnajua nani huhudhuria? Wazee kumi, chifu, na kijana wa MCA wa kugawa soda. Wote wanaitisha lami na taa za mtaa. Sijawahi kusikia mtu akisimama kusema dopla. Mwaka huu nitasimama mimi, na nitaaibika kidogo nikiwa peke yangu, kwa hivyo njooni.

Na leo usiku, kabla hujalala, kuna kitu kidogo nataka ufanye. Mwambie mamako, au babako, au shosho avue viatu. Weka vidole viwili juu ya mguu wake, katikati ya mgongo wa unyayo, usikandamize. Kuna mapigo hapo. Ukiyakosa, usiogope bado, watu wengine wamezaliwa hawana hapo. Tafuta ya pili, nyuma ya kile kifundo cha ndani. Mguse pia kama mguu mmoja ni baridi kuliko mwingine. Angalia katikati ya vidole kama kuna kidonda ambacho hajakwambia. Muulize kama akitembea hulazimika kusimama. Usipopata mapigo yote mawili, au kuna kidonda cha zaidi ya wiki mbili, mpeleke, na ukifika uliza hivi: "Damu inafika kwa huu mguu? Mmepimaje?" Wewe si daktari, lakini swali hilo ni lako.

Guka bado ana mguu wa kushoto. Mwezi uliopita ulitoka kidonda kidogo kisiginoni, nikaenda naye. Daktari kijana, amechoka, foleni imefika nje, akaangalia kisigino na kuanza kuandika antibayotiki. Nikamwambia, "Daktari, samahani, kabla hujaandika, naomba umshike mapigo ya mguu." Alinitazama vibaya. Nikafikiri atatufukuza. Guka akanivuta shati ninyamaze.

Akaweka kalamu chini. Akainama, akashika juu ya mguu, akashika nyuma ya kifundo, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akachukua simu yake, akapigia mtu, na nikasikia akisema, "Nina mzee hapa, nataka aonwe wiki hii."

Ilimchukua dakika moja na nusu.